Uzi maalumu: Kuprinti na kupaka rangi visanamu vya vita vya mezani nyumbani (anza na brashi, printa baadaye)

Fundi Brashi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Maswali ya visanamu vya vita vya mezani yanafanana siku zote: nichukue printa gani, resini ipi, tabaka la mikroni ngapi. Si maswali mabaya, ila anayeuliza hivyo amejiandaa kuprinti, hajajiandaa kupaka rangi. Mezani hakuna atakayekuuliza kioo cha printa yako kina K ngapi, yaani kina vitone vingi kiasi gani. Ataona rangi tu, na rangi itakaa au itakataa kutokana na mambo uliyoyaamua ukiwa bado unazungusha faili kwenye kompyuta. Kwa hiyo nakwenda kinyumenyume: kila hatua ya printa naipima kwa swali moja, brashi itapita hapa?

Mashine tumalizane nazo haraka. Kuna za filamenti, zinazoyeyusha uzi wa plastiki na kuutandaza kupitia nozeli, na kuna za resini, ambapo kioo cha LCD kinaruhusu au kuzuia mwanga wa UV wa nanomita 405 ili resini ya majimaji igande tabaka moja moja. Kwa askari wa milimita 28 au 32 chukua resini. Tabaka la milimita 0.05 linatosha, ukishapiga praima (rangi ya msingi) na rangi juu yake jicho halitofautishi kati yake na 0.03, lakini kwenye muda wa kuprinti utaiona tofauti. Filamenti ibaki kwa majengo, kuta na miamba.

Kuhusu saa, watu wengi hawajui hili: printa ya resini inagandisha tabaka zima kwa mpigo mmoja, hivyo askari mmoja na askari kumi waliojaza bamba (ile sahani inayopanda na kushuka, visanamu vikiwa vimeishika) wanamaliza wakati mmoja. Kinachohesabiwa ni urefu. Kisanamu na sapoti zake, yaani vijiti vinavyokishikilia wakati wa kuprinti, kikifika milimita 40, kwa tabaka la 0.05 hizo ni tabaka 800. Kila tabaka likitumia sekunde 2.5 za mwanga na kama sekunde 6 za bamba kupanda na kushuka, unakaribia saa mbili. Ukikilaza, muda unapungua. Na hapo ndipo watu wanapoharibu, kwa sababu wanalaza kwa kufuata saa badala ya kufuata brashi.

Upande unaotazama bamba ndio unaobeba sapoti, na kila sapoti inapotoka huacha kipele au kishimo. Rangi haifichi kipele. Rangi inakitangaza, hasa ukija na brashi kavu, ile iliyofutwa rangi karibu yote, maana brashi kavu kazi yake ni kutafuta kila kilichoinuka na kukipa rangi angavu. Kwa hiyo uso, kifua na mikono vitazame mbali na bamba. Mlaze askari kwa nyuma, nyuzi 30 hadi 45, sapoti ziangukie mgongoni, chini ya joho na kwenye nyayo. Nyayo zitagundishwa kwenye kitako, kile kibao anachosimamia, hakuna atakayeziona.

Halafu vipande. Faili nyingi zinakuja na askari mzima, bunduki imelala kifuani, ngao mbele ya tumbo. Kwenye kompyuta unazungusha unaona kila kitu. Ukikishika mkononi, nyuma ya ile bunduki kuna koti ambalo ncha ya brashi haifiki hata uombe. Kama faili ina toleo la vipande, chagua hilo. Kama haina, kata mwenyewe kwenye programu ya kuhariri: kichwa shingoni, ngao kwenye mkono, silaha kubwa kwenye viganja. Paka kila kimoja peke yake, gundisha mwishoni kwa supaglu. Gundi ya plastiki inayoyeyusha polistirini haina kazi kwenye resini, msiipoteze.

Nitaendelea na kuosha, praima na rangi. Karibuni.

Kisanamu28

Nimeweka kambi. Mleta uzi umeshusha madini.

Msasa

Mkuu Fundi, naunga mkono hoja ya vipande. Hoja ya sapoti mgongoni naipinga.

Jeshi lako ukilipanga mezani linamtazama adui. Anayeona nyuso ni mpinzani. Wewe mwenye mali unakaa nyuma, mchezo mzima unatazama migongo: majoho, mabegi, visogo. Halafu unaniambia vipele vyote nivirundike huko huko? Na joho ndiyo sehemu pana kuliko zote kwenye kisanamu kidogo, ndipo mahali pekee pa kuchezea rangi kutoka giza kwenda mwanga. Mimi nalaza kwa ubavu kidogo, napanga sapoti kwa mkono, na joho nalilinda kama uso.

Fundi Brashi

Msasa umenikamata pazuri, na hoja yako ya nani anatazama nini sijawahi kuisikia ikisemwa wazi hivyo. Nitengeneze kauli: sapoti ziende *chini ya* joho, upande wa ndani, na kwenye mikunjo yenye kina ambayo itapakwa giza hata hivyo. Mgongo wa joho wenyewe uachwe. Kwa askari asiye na joho mgongo una mkanda, begi na mifuko, na kwenye kona za vitu hivyo sapoti nyembamba inajificha.

Ila kila mtu akumbuke: zile sapoti zinazowekwa na programu yenyewe kwa kubofya kitufe hazijui uso ni nini. Zinaona pembe tu. Ukiziacha zikae zenyewe utakuta moja imesimama puani.

jeshi_la_plastiki

Nafuatilia. Swali kutoka nyuma ya darasa: mimi nina printa ya filamenti tu. Ndio kusema nihame uzi?

Nozeli02

Usihame ndugu. Watu wa resini wanapenda kutuona kama mafundi wa mbao.

Ukibadili nozeli ya 0.4 ukaweka ya 0.2, ukashusha tabaka hadi 0.08 au chini yake na kupunguza mwendo, askari wa milimita 28 anatoka anaheshimika. Si wa maonyesho, ni wa vita. Kinachowaangusha wengi ni kupaka kisanamu cha filamenti kwa mbinu za resini. Sikiliza:

Mistari ya tabaka ni ngazi ndogo ndogo zilizolala. Ukimwagia kisanamu kizima woshi, ile rangi ya majimaji inayokimbilia mabondeni, itakaa kwenye kila ngazi na mistari yote itajitokeza. Kwa hiyo woshi iweke kwa ncha ya brashi kwenye maungio tu: chini ya mkanda, kwapani, kati ya vidole. Na brashi kavu ipeleke *sambamba* na mistari, usiipeleke kwa kuikata. Ukienda juu-chini unakwangua kila ngazi; ukienda kulia-kushoto brashi inateleza na kushika kingo kubwa tu. Mbinu hii haina gharama.

Pia chagua faili zinazofaa: askari wenye silaha nene, nguo nzito, mkao wa kusimama. Yule anayeruka huku panga mbili zimenyooka hewani waachie wenye resini wapambane na sapoti.

Fundi Brashi

Nozeli02 asante, hilo la mwelekeo wa brashi kavu watu waliandike ukutani.

Niendelee. Kuosha.

Kisanamu kikitoka kwenye printa kimefunikwa resini mbichi. Kioshe kwa alkoholi ya isopropili kwenye vyombo viwili, cha kwanza kikichukua uchafu, cha pili kikiwa safi zaidi, dakika chache kila kimoja. Brashi laini ya meno inasaidia kwenye mikunjo. Usikiloweke kikalala humo, resini inanyonya alkoholi na vitu vyembamba vinaanza kupasuka. Kisha acha kikauke *kabisa* kabla ya mwanga wa UV. Namna ya kujua: kitazame kwa taa ya pembeni. Resini safi iliyokauka imefifia, haina mng'ao. Ukiona kitu kinameremeta ndani ya mkunjo wa nguo, hiyo ni resini mbichi bado, rudisha ukaoshe. Ukikiweka kwenye UV hivyo hivyo, ule mng'ao utaganda na kuwa utando unaoziba maelezo yote, au utabaki unanata na praima itakuja kubanduka juu yake baada ya wiki kadhaa.

Sapoti toa kabla ya UV, wakati resini bado ina ulaini. Maji ya moto yasiyochemka yanalegeza shina la sapoti hadi unaling'oa kwa vidole, na kovu linakuwa dogo kuliko ukikata kwa koleo. Baada ya hapo ndipo UV, dakika chache kwa kisanamu kidogo. Ukizidisha, resini inakuwa ngumu na kukatika kama kioo. Mikuki na ncha za upinde ndivyo vinavyotangulia.

Kwa wanaosumbuliwa na mikuki kukatika: changanya resini ya kawaida na ile ya kunyumbuka, kiasi cha asilimia 10 hadi 20. Mkuki utapinda na kurudi badala ya kuvunjika. Wale wanaopunguza ukubwa wa faili wawe makini zaidi. Upanga wenye unene wa milimita 0.6 kwenye askari wa 32 ukimshusha hadi 15 unabaki na 0.28. Huo si upanga, ni unywele. Nenepesha silaha kwanza ndipo upunguze.

Bi Rangi

Kabla hamjafika mbali, mbona hakuna aliyegusa usalama? Nyie wanaume mnaongea kuhusu pembe za sapoti, lakini hakuna aliyetaja glavu.

Resini mbichi ina akrilati, na akrilati zinaweza kuufundisha mwili wako mzio. Unaweza kuishika mara nyingi usione kitu, kisha siku moja vidole vinavimba na kuwasha, na kuanzia hapo kila ukigusa hata kidogo mwili unakumbuka. Mzio wa namna hiyo ukishaingia kwa kawaida hautoki. Kwa hiyo glavu za nitrili kila mara, si lateksi. Ukigusa resini kwa glavu usishike simu wala kitasa kwa glavu hiyo hiyo, maana hapo umeihamishia resini mahali ambapo mtoto atashika kwa mkono mtupu. Printa isikae chumba cha kulala. Dirisha wazi au feni inayotoa hewa nje. Alkoholi inashika moto haraka, hakuna mshumaa wala jiko karibu.

Na resini ya "kuosha kwa maji" isiwadanganye. Maji yaliyooshea ni sumu kwa viumbe wa majini sawasawa na resini nyingine, hayamwagwi kwenye sinki. Yaweke kwenye chombo kipana juani, resini igande, chuja, yabisi itupwe kama taka. Maji yenyewe au alkoholi yenyewe fuata utaratibu wa taka za kemikali unakoishi.

Ukisugua makovu ya sapoti kwa msasa, tumia msasa wa maji na ulowanishe. Vumbi la resini halifai kuvutwa hata kama imeshaganda.

Kisanamu28

Dada umetuweka sawa. Nimeenda kuhamisha printa.

Swali: bamba langu linatoka tupu, visanamu vyote vimebaki vimeganda chini ya trei. Resini mbovu?

Msasa

Mara chache sana resini ndiyo mbaya. Mnyororo wa kukagua, kwa mpangilio huu: bamba liko usawa na kioo? Bamba lina mafuta ya vidole? Lifute kwa alkoholi, likwaruze kidogo kwa msasa kama limekuwa laini sana. Resini ni baridi? Chini ya nyuzi 20 inakuwa nzito, haitiririki kurudi chini ya bamba vizuri. Tikisa chupa, pasha joto chumba kizima. Halafu sasa angalia muda wa mwanga wa tabaka za mwanzo. Tabaka za kawaida zinaweza kuwa sekunde 2 au 3 kwenye kioo cha rangi moja (LCD ya mono), lakini zile tano sita za mwanzo zinahitaji sekunde 20 hadi 40 ili ziling'ang'anie bamba.

Na kabla hujaprinti tena, mwaga resini kupitia chujio na uhakikishe hakuna kipande kilichoganda kwenye filimu ya FEP, ile plastiki angavu iliyo chini ya trei. Bamba likikishukia kipande hicho linakisukuma hadi kwenye kioo, na kioo kikipasuka hapo ndipo utajua gharama.

Kama vitu ni vikubwa, mfano zimwi au gari, shimo likosekane uone. Ukikiacha ndani tupu bila matundu, kinavuta filimu kama pampu kila bamba linapopanda, mpaka kinang'oka. Weka ukuta wa milimita 2 na matundu mawili, moja karibu na bamba, moja upande wa pili. Askari wa kawaida mwache awe mzima ndani, usihangaike.

Fundi Brashi

Sasa tuingie kwenye utamu wenyewe.

Praima. Rangi ya akriliki haishiki resini tupu. Inashika, kisha kucha inaiondoa. Ya kopo ipulizwe kutoka sentimita 20 hadi 30, kwa mapito mafupi yanayoanzia nje ya kisanamu na kuishia nje yake. Ukipuliza kwa mbali sana, au hewa ikiwa kavu na ya joto, matone yanakauka njiani na unapata uso wa mchanga. Hewa ikiwa na unyevu mwingi pia hutapenda matokeo. Siku kama hiyo paka praima ya brashi ndani, inachosha lakini haikusaliti.

Napenda kuanza na nyeusi kote, kisha nyeupe au kijivu kutoka juu tu, pembe moja, kana kwamba jua liko utosini. Kisanamu kinatoka na vivuli vyake tayari, na ukiweka juu yake rangi nyembamba au zile rangi za kupita mara moja zinazoonyesha kilicho chini, vivuli vinaonekana kupitia humo. Faida kubwa zaidi haisemwi sana: ukikitazama hapo kabla ya rangi yoyote, unaona kasoro zote za printa. Kovu la sapoti ulilolipita litakukodolea macho. Rudi, sugua, puliza tena. Ukishaweka rangi ya tatu hutakuwa na moyo wa kurudi.

Rangi iwe nyembamba. Kila mtu anasema hivyo, hakuna anayesema utapimaje. Mimi napima kwenye paleti: vuta mstari mmoja. Ukiacha michirizi ya nywele za brashi, ni nzito. Ukirudi wenyewe ukawa dimbwi, ni maji mno. Ukitulia mahali pake na bado unaona kidogo kilicho chini, hapo. Tabaka mbili za namna hiyo, ya kwanza ikauke. Tabaka moja nzito inaziba vitundu vya mnyororo na mishono ya ngozi ambavyo printa yako ilikesha kuvitengeneza.

Paleti ya unyevu mjitengenezee: chombo bapa chenye mfuniko, sponji iliyoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi inakaa hai kwa saa nyingi.

Brashi msikimbilie zile ndogo za sifuri tatu. Tumbo lake halibebi rangi, inakauka kabla haijafika usoni. Namba 1 au 2 ya manyoya ya kolinski (mnyama jamii ya cheche) yenye ncha kali inapaka jicho na inapaka joho. Rangi isipande hadi kwenye kile kibati kinachoshika manyoya, ikikauka humo ncha inagawanyika na brashi imekwisha. Rangi za metali ziwe na brashi zake za bei rahisi na maji yake, maana chembe zake zinaenda kujitokeza kwenye kila rangi nyingine.

jeshi_la_plastiki

Macho! Naomba mtu aongelee macho. Askari wangu wote wanaonekana kama wameshtuliwa usingizini.

Bi Rangi

Wanashtuka kwa sababu umeweka nukta katikati ya nyeupe. Nukta iliyozungukwa na nyeupe pande zote ndiyo sura ya mtu aliyeshtuka.

Fanya macho *kabla* ya ngozi kukamilika. Paka tundu lote la jicho kahawia iliyokolea. Juu yake vuta kistari kilicholala cha rangi ya pembe ya ndovu, si nyeupe kabisa, ukiacha ukingo mwembamba wa kahawia juu na chini. Sasa mboni: usidonoe nukta, vuta mstari wima unaokata jicho kutoka kope ya juu hadi ya chini. Ukizidi, haijalishi, kwa sababu hatua inayofuata ni kurudi na rangi ya ngozi kuyapunguza macho kutoka juu na chini hadi yabaki ukubwa unaotaka. Wote watazame upande mmoja, kushoto au kulia kidogo. Kumtazamisha mtu mbele moja kwa moja ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa macho yote mawili.

Na kwa kuwa tumefika kwenye ngozi: ngozi nyeusi. Mafunzo mengi yanampa mtu kahawia, woshi, kisha kahawia iliyochanganywa na nyeupe kwa mwanga. Nyeupe inaleta kijivu. Askari anatoka amepauka, kama mtu aliyeoga akakosa mafuta. Ongeza mwanga kwa rangi zenye joto: ocha (manjano ya udongo), rangi ya ngozi ya mnyama, chungwa iliyopauka kidogo. Kivuli kipeleke kwenye bluu iliyokolea au zambarau, si nyeusi. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kwa sehemu ndogo na kali, kwa hiyo usisambaze mwanga shavu zima. Weka kidogo kwenye mfupa wa shavu, ncha ya pua, paji juu ya nyusi, kifundo cha bega, na hapo unaweza kuthubutu rangi angavu kuliko unavyodhani, hata yenye ubluu kama jua ni kali. Viganja na nyayo viwe vyepesi zaidi na vyenye uwaridi wa mbali. Mdomo wa chini tia tone la nyekundu kwenye rangi ya ngozi, wa juu uuache wenye giza.

Na usiwape kikosi kizima kahawia moja. Changanya chupa tatu tofauti, gawa. Kikosi kinapata watu ndani yake.

Nozeli02

Hapo kwa ngozi nimetoka na daftari. Shikamoo Bi Rangi.

Bi Rangi

Marahaba, ila sijazeeka kiasi hicho.

Msasa

Nitupie neno kwa wale wanaoua muda kwenye kila askari kana kwamba anakwenda kwenye kabati la vioo. Mezani unamwona kutoka urefu wa mkono au zaidi. Mchezo wa vita ambao ofisa von Reisswitz aliuwasilisha kwa jeshi la Prusia (dola ya zamani ya Kijerumani) mwaka 1824 ulitumia vipande tu vya rangi, bluu na nyekundu, na maofisa walijua nani ni nani papo hapo. Hilo ndilo la kwanza: rangi kuu mbili za jeshi zisomeke kutoka mbali, kisha doa moja la rangi ya tatu iliyo kinyume kwa kichwa au ngao, ili jicho lipate pa kutua.

Paka watano hadi kumi kwa pamoja, rangi moja kwa wote, ukifika wa mwisho wa kwanza ameshakauka. Muda mzuri utunze kwa kamanda na kwa nyuso.

Tena vitako! Ukingo wa kitako mweusi au kahawia, mmoja kwa jeshi zima. Mchanga, gundi nyeupe, kahawia, brashi kavu, majani machache. Kitako kilichomalizwa kinapandisha cheo askari aliyepakwa kwa wastani, na askari mzuri kwenye kitako kitupu anaonekana hajakamilika. Huo ndio msimamo wangu, anayetaka kubisha aje.

Kisanamu28

Kuna mtu kanitumia folda nzima ya faili za STL (maumbo ya kuprinti), amesema nichukue tu. Na kuna wengine wanaskani visanamu vya makampuni. Hii imekaaje?

Fundi Brashi

Imekaa vibaya. Faili ina mwenye nayo hata kama haina mfuko. Wachongaji wengi wa kidijitali wanauza leseni mbili: ya matumizi binafsi, unaprinti kadiri unavyotaka kwa ajili yako, na ya biashara, inayokuruhusu kuuza kilichoprintiwa. Hakuna kati ya hizo inayokuruhusu kugawa faili yenyewe. Kuskani kisanamu cha kampuni na kukizalisha ni kunakili kazi ya mtu.

Tofauti na hilo, mashindano mengine yanakataa visanamu vya printa hata kama faili ni halali yako. Soma kanuni za shindano kabla hujaprinti kikosi kizima. Mchezo wa marafiki nyumbani mnakubaliana wenyewe, cha msingi kitako kiwe na kipimo sahihi, maana umbali na mistari ya kuona vinapimwa kutoka hapo.

jeshi_la_plastiki

La mwisho kutoka kwangu. Nimepuliza vanishi isiyong'aa, kikosi kizima kimefunikwa ukungu mweupe. Nivioshe nianze upya?

Bi Rangi

Usiguse! Huo ukungu ni unyevu ulionaswa, au vanishi iliyopulizwa nzito, au kopo ambalo halikutikiswa ule unga wa kuondoa mng'ao ukaja kwa mafungu. Mara nyingi rangi iliyo chini ni nzima. Subiri vikauke kabisa, kisha paka kimoja tu vanishi inayong'aa kwa brashi, tabaka nyembamba, uone. Mara nyingi ukungu unapotea kwa sababu uso wenye chembe chembe unajazwa na kuwa laini. Kikikubali, fanya wote, kisha rudisha isiyong'aa, safari hii ya brashi au siku yenye hewa kavu zaidi, na kopo ulitikise dakika mbili nzima.

Hata bila tatizo mimi napaka hivyo kwa visanamu vinavyoshikwashikwa: inayong'aa kwanza kwa sababu ni ngumu zaidi, isiyong'aa juu yake ili rangi zisomeke. Lenzi za kofia, vito na damu mbichi navirudishia mng'ao mwishoni kabisa kwa ncha ya brashi.

jeshi_la_plastiki

Kimoja kimekubali. Napaka wengine sasa, picha naleta zikikauka.